Diski ya kamera za ghala imekufa, muuzaji anasema waranti imekwisha. Tununue ya kampuni gani?

Ndugu mshauri,

Pole na kazi. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, upande wa Mikindani. Ghalani tuna DVR, yaani mashine ya kurekodi picha, yenye kamera nane. Mwaka jana mwezi wa tano tulinunua Kariakoo diski ya TB 4 kwa ajili ya hiyo DVR, ya kawaida tu ya kompyuta ya mezani, kwa sababu ilikuwa bei nafuu. Imefanya kazi miezi 14. Wiki mbili zilizopita DVR ikaanza kulia pii, pii, na kwenye skrini ikaandika kwamba hakuna diski. Fundi aliichomoa na kuiunga kwenye kompyuta. Inazunguka, inagonga tak, tak, tak, kisha inanyamaza. Haisomeki.

Muuzaji nimempigia. Anasema waranti yake ilikuwa miezi sita, kwa hiyo tusahau. Fundi anasema kosa ni letu, tulichagua kampuni mbovu. Mwenyekiti naye ameambiwa kinyume kabisa, kwamba hiyo ndiyo kampuni bora. Jina sikuliandika, maana sitaki kumpaka mtu matope kabla sijajua ukweli.

La pili, nina diski ya nje ya TB 2 ninayotunzia daftari la wanachama, malipo ya misimu mitatu na picha za stakabadhi za ghala. Programu ya CrystalDiskInfo inaionyesha kwa rangi ya njano, na kwenye mstari wa C5 kuna namba 8. Inafunguka, ila folda ya 2023 inachukua dakika nzima.

Kamati imepitisha tununue diski tatu kabla msimu haujaanza Oktoba. Naomba kujua: kati ya kampuni za diski, ipi diski zake hazifi ovyo, na ipi inakubadilishia bila kukuzungusha? Je, hii iliyokufa bado tunaweza kuidai? Na fundi anasema anaweza kuifungua ili tupate picha za ndani. Nimruhusu?

Karani, Mtwara

*

Ndugu Karani,

Kabla ya habari za kampuni, shughulikia kwanza ile ya njano, tena leo. Mstari wa C5 unahesabu sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, ikaziweka pembeni kusubiri. Namba 8 inaonekana kubwa, lakini diski za siku hizi zina sekta za baiti 4096 ambazo huhesabiwa kwa vipande vya baiti 512, kwa hiyo 8 mara nyingi ni sekta moja tu iliyoharibika. Diski haijafa, ila imeshakuonya, na folda inayochukua dakika nzima ni onyo lile lile kwa njia nyingine.

Nakili, usihamishe. Anza na vitu vidogo visivyo na mbadala: daftari la wanachama, faili za malipo, halafu picha za stakabadhi. Faili likigoma, liruke uendelee na mengine, usikae unalijaribu mara kumi, kwa sababu kila jaribio linakisugua kichwa cha kusomea pale pale penye jeraha. Usiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukarabati diski, wala usikubali Windows ikikuomba kuifomati. Ikiwa diski inajikata yenyewe katikati ya kunakili, mwambie fundi aiwashie Linux kwenye kompyuta na atumie ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwanza kwa mzunguko mmoja wa haraka unaoruka sehemu mbovu (ddrescue -d -n /dev/sdX picha.img picha.map), kisha wa pili unaorudia sehemu hizo mara tatu (ddrescue -d -r3 na majina yale yale). Faili la picha.img liende kwenye diski nyingine yenye nafasi inayozidi TB 2, na herufi ya mwisho ya sdX, yaani jina la diski mbovu kwenye Linux, aihakiki mara mbili kabla ya kubonyeza. Akikosea diski ya kuandikia, atakuwa amefuta ile aliyokuja kuiokoa.

Sasa nije kwenye swali la kampuni. Watengenezaji wa diski za kuzunguka waliobaki duniani ni watatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Maxtor ilimezwa na Seagate mwaka 2006, biashara ya diski ya Samsung ikafuata 2011, Hitachi ikaenda Western Digital 2012, na ya Fujitsu ilichukuliwa na Toshiba 2009. Kwa hiyo fundi na mwenyekiti wanabishania majina matatu tu, na ushahidi mzuri kuhusu hayo matatu upo. Kampuni ya Marekani iitwayo Backblaze, inayohifadhi data za watu, imekuwa ikitangaza takwimu za diski zake tangu 2013, na sasa ina diski zaidi ya 300,000 zinazozunguka usiku na mchana. Mwaka 2023 zilizokufa zilikuwa asilimia 1.70, mwaka 2024 asilimia 1.57. Maana yake, katika diski 100 zinazofanya kazi mwaka mzima, inakufa moja au mbili, kampuni zote zikiwa kwenye hesabu hiyo hiyo.

Ukizitazama takwimu hizo kwa undani, kinachotofautiana sana ni modeli kuliko kampuni. Seagate ilikuwa na diski ya TB 3, modeli ST3000DM001, iliyokufa kwa wingi mpaka wateja wakafungua kesi Marekani mwaka 2016. Fundi wengi wanaoisema vibaya Seagate wanaikumbuka hiyo. Lakini Seagate hiyo hiyo ilikuwa na ya TB 6, ST6000DX000, iliyodumu miaka mingi ikiwa miongoni mwa zilizokufa kidogo kabisa kwenye orodha nzima. Diski zenye jina la HGST, ambazo sasa ni za Western Digital, zilisifika kwa kudumu. Na kumbuka kwamba takwimu hizi zimetoka kwenye ukumbi wenye ubaridi na umeme usioyumba, ambao haufanani na ghala la Mikindani.

Kwa hiyo sitakuambia kampuni fulani ni mbovu. Nitakuambia kwamba diski yenu iliwekwa kwenye kazi isiyo yake. Karatasi ya vipimo ya diski ya kompyuta ya mezani, chukua BarraCuda ya Seagate kwa mfano, inataja saa 2,400 za kuwaka kwa mwaka na TB 55 za kuandika na kusoma kwa mwaka. Saa 2,400 ni saa 8 kwa siku 300, yaani ofisi ya kawaida. DVR inawaka saa 8,760. Piga hesabu ya kuandika pia: kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inajaza GB 21.6 kwa siku, kamera nane zinajaza karibu GB 173 kwa siku, na mwaka ukiisha umeandika TB 63. Mmevuka vipimo vyote viwili, na cha saa mmekivuka zaidi ya mara tatu. Blue ya Western Digital na P300 ya Toshiba nazo ni za kazi ya mezani, zisingekuwa mahali pake humo pia. Za DVR ni WD Purple, Seagate SkyHawk na Toshiba S300. Hizo zimepimwa kuwaka saa zote 8,760, na SkyHawk inaruhusiwa TB 180 kwa mwaka. Kwa kamera zenu nane, TB 4 itawapa siku 23 za kumbukumbu kabla haijaanza kuandika juu ya picha za zamani.

Kuna jambo jingine linalofichwa kwenye bei nafuu. Baadhi ya diski huandika mistari yake ikipandana, kama makuti yanavyopandana juu ya paa. Ukitaka kubadilisha kuti la chini, lazima uinue yaliyolala juu yake. Vivyo hivyo diski ya aina hiyo, inayoitwa SMR, ikitaka kubadili mstari mmoja inalazimika kuandika upya na ya jirani, na kazi ikiwa nyingi inakwama. Aprili 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red zilikuwa SMR bila wateja kuelezwa, na baada ya hapo Seagate na Toshiba nao wakatoa orodha zao. Kwa kutunzia nakala inayoandikwa mara moja kwa wiki, SMR haina neno. Kwa diski inayoandikwa mfululizo, uliza modeli kamili, tafuta karatasi yake ya vipimo, na uone neno CMR, yaani mistari isiyopandana.

Waranti. Hapa ndipo unapoweza kupata chako, kwa sababu miezi sita aliyokutajia ni ya duka, na ya mtengenezaji ni jambo jingine. Diski za mezani, yaani Blue, BarraCuda na P300, zina miaka 2. Purple, SkyHawk, S300, Red Plus, IronWolf na N300 zina miaka 3. WD Black, Gold, Red Pro, IronWolf Pro na Exos zina 5. Yako ina miezi 14, kwa hiyo ikiwa ni diski halali ya rejareja bado ina miezi 10.

Ila usianze kushangilia. Chukua siriali namba iliyo kwenye lebo, uiingize kwenye ukurasa wa kukagua waranti kwenye tovuti ya mtengenezaji. Majibu yatakuwa mojawapo ya haya: ina waranti hadi tarehe fulani, imekwisha, haiko eneo lako, yaani ilitengenezewa soko la nchi nyingine, au iliuzwa kwa mtengenezaji wa kompyuta, na huyo ndiye wa kudaiwa. Jibu la mwisho ni la kawaida kwa diski zilizong'olewa kwenye mashine na kuuzwa tena kama mpya. Likikutokea wewe, rudi kwa muuzaji, kwa maana alikuuzia kitu chenye waranti isiyokuhusu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko ya namna hiyo yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Ukimwandikia muuzaji barua moja yenye siriali namba, picha ya risiti ya EFD na jibu la tovuti, mara nyingi mazungumzo hubadilika.

Risiti hiyo ya EFD ni karatasi ya joto. Ukiiacha kwenye droo ya ofisi ya Mtwara mwaka mmoja, maandishi yanakuwa kivuli. Ipige picha siku unayonunua. Bila risiti, mtengenezaji anaweza kuhesabu waranti kuanzia tarehe diski ilipotoka kiwandani, si siku uliyoinunua wewe, na miezi iliyokaa stoo inakuwa hasara yako.

Tovuti ikisema waranti ipo, kabla ya kufungua dai badilisha kebo ya SATA na ujaribu umeme wa mashine nyingine. Mstari wa C7 kwenye CrystalDiskInfo, unaohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, ukipanda huku C5 na 05 (sekta mbovu zilizokwisha kubadilishwa) zikiwa sifuri, mbovu ni kebo au kiunganishi. Angalia pia meno ya dhahabu ya diski yenyewe, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu huyaacha na ukungu wa kijani. Usifungue skrubu za bodi kuyasafisha ikiwa waranti iko hai, na lebo usiibandue. Diski inayogonga tak tak mara nyingi haihitaji kuthibitishwa zaidi ya hapo, lakini kama inaonekana kwenye kompyuta, endesha programu ya kupima, SeaTools kwa Seagate au Dashboard kwa Western Digital, uandike matokeo yanayotoka.

Kisha unafungua dai mtandaoni, unapewa namba ya RMA, yaani namba ya dai lako, na anwani. Gharama ya kupeleka ni yako, ya kurudisha ni yao. Western Digital inatoa siku 30 tangu dai kufunguliwa mpaka diski kutumwa, kwa hiyo usifungue dai ukiwa hujajua mzigo utasafiri vipi. Barabara ya Kusini ilipokatika Somanga Mei 2024, mabasi yalikwama, na siku 30 hazisubiri daraja. Ifungashe kwenye mfuko wake wa kuzuia umemetuli, sponji ya sentimita 5 pande zote sita, boksi gumu, namba ya RMA nje. Magazeti yaliyokunjwa hayafai, buti la basi litayabana na diski itagonga ukuta wa boksi. Kinachorudi kwa kawaida ni diski iliyokarabatiwa kiwandani, si mpya, na waranti yake ni muda uliobaki wa ile ya kwanza au siku 90, upi ni mrefu.

Nani ana huduma nzuri zaidi? Kwa mtu aliye Mtwara, Seagate na Western Digital ziko karibu sawa, maana zote zinakuruhusu kuanza dai wewe mwenyewe. Toshiba, kwa diski zinazouzwa bila boksi lake, mara nyingi inakurudisha kwa muuzaji. Lakini wote watatu wanashindwa na duka la Dar es Salaam linalobadilisha juu ya kaunta. Ukinunua mara hii, muulize muuzaji mapema: ikifa mwezi wa 20, naileta kwako au naituma nje? Jibu liandikwe kwenye ankara. Duka linaloandika miaka 3, hata likiwa ghali kidogo, ndilo la kununua. Kwa diski ndogo, nauli ya kuituma nje ya nchi inaweza kukaribia bei ya diski yenyewe, na hapo waranti ya mtengenezaji inabaki kwenye makaratasi tu.

Kuhusu fundi kuifungua: usimruhusu. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na punje ya vumbi la maganda ya korosho kwa kipimo hicho ni mlima. Ikifunguliwa ofisini mara moja, waranti imekwisha na picha nazo zimekwisha. Kubadilisha bodi peke yake nako hakusaidii, kwa sababu kila bodi ina chipu yenye vipimo vya diski yake. Kama picha za usiku fulani zinahitajika polisi, izimeni, msiiwashe tena, itafutwe maabara yenye chumba safi, na mjue kwamba huduma hiyo ni ghali. Inabidi mchague. Mkiituma kwa waranti, mtapata diski nyingine, na picha hamtaziona tena, kwani hakuna waranti kati ya hizi inayolipia data. Baadhi ya IronWolf na SkyHawk zinakuja na huduma ya kuokoa data kwa miaka 3. Hakikisha imeandikwa kwenye boksi na inahudumia Tanzania kabla ya kuitegemea.

Basi diski tatu za kamati ziwe hivi: moja ya DVR, TB 4, Purple au SkyHawk, ile mtakayoipata kwenye duka lenye waranti ya kaunta. Mbili za nje, TB 2 kila moja, za kampuni mbili tofauti, ili kasoro ya modeli moja isiziangushe zote. Hapa nina upendeleo mdogo. Diski ndogo za nje za Western Digital zina kiunganishi cha USB kilichounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, kikivunjika kazi inakuwa ngumu, wakati nyingi za Seagate ndani zina SATA ya kawaida unayoweza kuichomoa. Kwa hiyo ile itakayochomekwa na kuchomolewa kila siku iwe ya aina hiyo ya pili, na nyingine ikae kabatini. Ya kabatini isikae jengo moja na kompyuta, na kwa kuwa ina majina na akaunti za benki za wakulima, ifungwe kwa nywila kwa BitLocker au VeraCrypt. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakihusu chama chenu pia.

Zikifika, msizifunge siku hiyo. Fungua CrystalDiskInfo: saa za kuwaka ziwe chini ya 10, na 05, C5 na C6 (sekta zisizosomeka kabisa) ziwe sifuri. Namba huonyeshwa kwa mtindo wa heksadesimali, zibadili ziwe za kawaida kwenye menyu ya Function. Kwa Seagate, mstari wa 01, wa makosa ya kusoma, una namba kubwa ya kutisha hata diski ikiwa mpya, hiyo ni namna yao ya kuhesabu, isikusumbue. Januari 2025 iligundulika Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizotumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya, saa zake zikiwa zimerudishwa sifuri. Zilikamatwa kwa kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo fundi ataisoma kwa amri smartctl -l farm. Saa za huko zisipolingana na zile za kawaida, rudisha kabla jua halijazama. Za nje zipitishe kwenye H2testw, inayojaza diski nzima na kuisoma tena. Kwa TB 2 itachukua kama saa 11, iache usiku kucha, ila iwe kwenye UPS, betri ya akiba ya umeme.

Na UPS hiyo, ya VA 650, iwe pia ya DVR. Umeme ukikatika ghafla, diski hutumia mzunguko uliobaki wa sahani kurudisha vichwa mahali pake kwa nguvu, na inavumilia hivyo mara chache kuliko kuzimwa taratibu. DVR iinue kutoka sakafuni, mbali na magunia, na uangalie joto la diski lisipite nyuzi 45.

Diski ya njano, ukishanakili kila kitu na kuifungua nakala kwenye kompyuta nyingine ukaiona, ifomati kwa njia ndefu, si ya haraka. Windows itaiandika sifuri kote, majina ya wakulima yafutike, na diski italazimika kuamua kuhusu ile sekta. C5 ikibaki juu ya sifuri au 05 ikipanda, angalia waranti yake kwa siriali namba kama ile nyingine. Siriali za hizi tatu mpya zipige picha kabla fundi hajafunga kifuniko cha DVR, kwa sababu lebo ikishaingia ndani haisomeki tena bila kung'oa skrubu nne.